Silabi ya Pili Kutoka Mwisho: Nafasi ya Mkazo katika Sarufi na Mdundo wa Kiswahili

Katika vitabu vingi vya sarufi vinavyotumika shuleni, mkazo hupewa aya moja au mbili, nazo aghalabu hufuata njia ile ile: hutajwa kanuni kwamba silabi ya pili kutoka mwisho ndiyo inayotamkwa kwa nguvu zaidi, hutolewa mfano wa neno barabara, kisha mwandishi huhamia ngeli za nomino kana kwamba jambo hilo limekwisha. Mada hii inashikilia kwamba halijaisha. Mkazo wa Kiswahili ni miongoni mwa nguvu zinazoliunda neno lenyewe, kiasi kwamba baadhi ya maumbo ambayo wanafunzi huyakariri kama vighairi hupata maelezo yake papo hapo, pindi yanapotazamwa kwa upande wa silabi na nguvu zake.

Mkazo, ambao baadhi ya waandishi huuita shadda, ni hali ya silabi moja ya neno kusikika zaidi ya jirani zake. Silabi ni pigo moja la sauti, ambalo katika Kiswahili kwa kawaida huwa ni konsonanti pamoja na irabu, kama ilivyo katika ki-ta-bu, au irabu peke yake, kama silabi ya mwisho ya ka-a. Si nguvu ya pumzi pekee inayoifanya silabi isikike zaidi, kwa kuwa silabi yenye mkazo huweza pia kuwa ndefu kidogo na kubadilika kidatu, yaani kiwango cha kupanda na kushuka kwa sauti, na sikio hupokea mambo hayo yote kwa pamoja bila kuyatenganisha. Katika mifano inayofuata, pale ambapo neno limekatwa silabi, silabi yenye mkazo imeandikwa kwa herufi kubwa.

Lugha hutofautiana sana katika jambo hili. Katika Kirusi mkazo huweza kuangukia silabi yoyote na kubadili maana, hata neno muka likawa mateso ukiwa mwanzoni na likawa unga ukiwa mwishoni. Kicheki huuweka kwenye silabi ya kwanza, na Kipolandi, kama Kiswahili, kwenye ya pili kutoka mwisho. Lugha nyingi za Kibantu hutumia toni, yaani kidatu kinachotofautisha maana ya neno na neno, na Kiswahili sanifu kimo katika kundi dogo la lugha za jamii hiyo zilizoipoteza. Jirani zake wa karibu hawakuipoteza wote: Kingazija cha Visiwa vya Komoro bado kina toni, na Chimwiini cha Barawa, katika pwani ya Somalia, kinahamisha mkazo wa baadhi ya vitenzi kutegemea nafsi ya mtenda, jambo ambalo msemaji wa Unguja au Mombasa hulisikia kama lafudhi ngeni wakati kwa hakika ni sarufi.

Lugha inayoitafuta silabi yake

Ikiwa kila neno kamili la Kiswahili linatakiwa kuwa na mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi ni lazima silabi hiyo iwepo. Sharti hili huonekana dogo mpaka litazamwe pale ambapo shina la neno lina silabi moja tu. Neno mbuzi lina silabi mbili, MBU-zi, na m yake imeungana na b kuwa mwanzo wa silabi. Neno mbwa nalo lina m hiyo hiyo mbele ya b, lakini hapo m husimama peke yake na kubeba mkazo: M-bwa. Ndivyo ilivyo pia kwa nchi, nne, nge na nta, ambamo n hubeba uzito wa silabi nzima, tofauti na n ya ndege au ngoma. Lugha haikupata silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ikaiunda kwa kilichokuwepo, yaani nazali, ambayo ni sauti inayopitisha hewa puani.

Nazali ya mtu ina historia nyingine. Hiyo ilikuwa mu-, kama inavyosikika hadi leo katika mutu ya Kiswahili cha Kongo, na irabu ilipodondoka m ilibaki na nafasi ya silabi pamoja na mkazo wake: M-tu. Irabu imetoweka ila pigo lake limebaki.

Ushahidi mwingine umo katika ngeli ya li-ya. Nomino nyingi za ngeli hiyo hazina kiambishi katika umoja: tunda, gari, embe. Hata hivyo jiwe na jicho huanza kwa ji-, ambayo hutoweka katika wingi, mawe na macho, kwa sababu mashina ya maneno hayo ni mafupi mno kusimama bila msaada, na katika wingi ma- huwa imeshatoa msaada huo. Vivumishi hufuata mkondo ule ule, kwani husemwa jiwe kubwa na jiwe gumu bila kiambishi, lakini jiwe jipya, kwa kuwa pya ingekosa pa kuegemea.

Mahali ambapo jambo hili lina utajiri mkubwa zaidi ni katika vitenzi vya silabi moja, ambavyo ni vichache kwa idadi na vingi kwa matumizi: -la, -nywa, -fa, -ja, -wa na vinginevyo. Mwanafunzi hufundishwa kwamba vitenzi hivi hubaki na ku- katika anakula, alikula, atakula, amekula na angekula, lakini hupoteza ku- katika akala, akila, hula, hali na ale, na mara nyingi hutakiwa kuyakariri makundi haya mawili bila kuelezwa yanatofautianaje. Tofauti ni ya mkazo. Viambishi -na-, -li-, -ta-, -me- na -nge- haviwezi kubeba mkazo, kwa hiyo kama ku- ingeondoka, mkazo ungeangukia mahali pasipoupokea, na umbo kama anala haliwezekani. Viambishi -ka- na -ki-, pamoja na hu- ya mazoea, huupokea bila taabu, ndiyo maana husemwa a-KA-la, a-KI-la na HU-la. Kiambishi cha mtendwa nacho huupokea: simba anamla swala, ambapo m ya mtendwa imechukua kazi ya ku- na mkazo umetua juu ya konsonanti, a-na-M-la; na chakula kikitajwa kwa kiambishi chake, mtoto anakila. Asili ya tofauti hiyo huelezwa kwa historia. Kiambishi -ta-, kwa mfano, huhusishwa na kitenzi -taka, hivi kwamba atakula ilikuwa maneno mawili kabla ya kugandamana, na ku- ya leo ni mabaki ya neno la pili ambayo vitenzi virefu viliyatupa kwa kuwa havikuyahitaji.

Kanuni hiyo inaeleza pia kwa nini -enda na -isha huwa na maumbo mawili, amekwenda na ameenda, amekwisha na ameisha. Vitenzi hivyo vina silabi mbili, kwa hiyo silabi ya mkazo vinayo tayari, na ku- imekuwa mgeni anayeweza kukaa au kuondoka. Ama hajala, ambayo mitaani mara nyingi husikika kama hajakula, ni suala la watu kulilinganisha umbo moja na mengine ya jamaa yake. -Ja- huweza kubeba mkazo, na usanifu una haki ya kuendelea kudai hajala.

Mkazo kama mpaka wa neno

Mwanaisimu Nikolai Trubetzkoy, katika kitabu chake cha fonolojia kilichochapishwa mwaka 1939 baada ya kifo chake, alieleza kwamba mkazo usiohama huweza kufanya kazi ya kuonyesha mipaka ya maneno. Msikilizaji wa Kiswahili akisikia mkazo, anajua kwamba imebaki silabi moja neno likome. Tofauti kati ya pole, pole, inayosemwa msibani, na polepole, yenye maana ya taratibu, imo humo humo: ya kwanza ina mikazo miwili iliyo sawa, PO-le PO-le, na ya pili ni neno moja lenye mkazo mkuu mmoja, po-le-PO-le.

Kwa sababu mkazo huhesabiwa kutoka mwisho, kila kinachoongezwa nyuma ya neno huuvuta. Mke ni M-ke, lakini mkewe ni m-KE-we. Nyumba ni NYU-mba na nyumbani ni nyu-MBA-ni. Soma huwa so-ME-sha, kisha so-me-SHA-na. Viambishi vya mbele haviugusi hata vikiongezwa vitano, mradi shina lina silabi mbili au zaidi. Methali ya kufa kufaana, ambayo wageni wa lugha huisikia kama neno moja lililorudiwa, hutegemea jambo hilo hilo: KU-fa ina silabi mbili tu na mkazo uko kwenye ku, wakati ku-fa-A-na ina irabu mbili zilizofuatana, na mkazo umetua juu ya ile ya pili.

Vighairi vipo, na haifai kuvikuza. Barabara yenye maana ya njia hutamkwa ba-ra-BA-ra, na ile yenye maana ya sawasawa hutamkwa ba-RA-ba-ra. Walakini yenye maana ya kasoro ni wa-la-KI-ni, na ile yenye maana ya lakini ni wa-LA-ki-ni. Jozi za namna hii ni chache mno kuitwa mfumo, na mwalimu anayelitumia somo zima kwa barabara amekitanguliza kighairi kabla ya kanuni.

Uthabiti wa mkazo una gharama yake. Msemaji wa Kiingereza anayetaka kusisitiza kwamba ni Juma, wala si mtu mwingine, aliyekileta kitabu, huweza kulikazia jina la Juma bila kugusa mpangilio wa sentensi. Katika Kiswahili njia hiyo ni hafifu, na kazi yake hufanywa na muundo: ni Juma aliyekileta kitabu, au Juma ndiye aliyekileta kitabu. Ndi- pamoja na virejeshi vyake ni sehemu ya sarufi inayofanya kile ambacho lugha nyingine hukiachia koo. Kinachobaki kwa sauti ni kiimbo, yaani mawimbi ya kidatu katika sentensi nzima, ambacho ndicho pekee kinachotenganisha mtoto amelala ya taarifa na mtoto amelala ya swali. E. O. Ashton alilipa jambo hilo uzito unaostahili alipokitaja kiimbo katika jina dogo la kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha mwaka 1944, na si waandishi wengi waliomfuata.

Mdundo

Mdundo, ambao wengine huuita ridhimu, ni namna mapigo ya sauti yanavyofuatana katika usemi. Mwaka 1940 Arthur Lloyd James alizigawa lugha kwa mifano miwili ya kukumbukwa: zile zinazolia kama bunduki ya rashasha, kila silabi kwa kipimo chake, na zile zinazosikika kama ishara za simu za Morse, fupi na ndefu zikichanganyika. Mmarekani Kenneth Pike aliupa mgawanyo huo istilahi mwaka 1945, akitofautisha mdundo wa silabi na mdundo wa mkazo, ambapo katika aina ya pili ni mikazo inayopishana kwa muda sawa, na silabi zilizo katikati hubanwa ili zienee. Mwaka 1967 David Abercrombie wa Edinburgh alidai kwamba kila lugha ya dunia imo katika kundi moja au jingine.

Dai hilo halikudumu. Rebecca Dauer alionyesha mwaka 1983 kwamba muda kati ya mikazo haulingani hata katika Kiingereza, na kwamba kinacholifanya sikio lidhani unalingana ni muundo wa silabi, pamoja na tabia ya Kiingereza ya kuzififisha irabu zisizo na mkazo. Mwaka 1999 Franck Ramus na wenzake walipima urefu wa irabu na konsonanti katika lugha nane na kukuta kwamba lugha zinazohisiwa kuwa za kundi moja hukaribiana kwa vipimo hivyo.

Kwa mtazamo huo Kiswahili kinaeleweka vizuri zaidi. Silabi zake nyingi huishia kwa irabu, na irabu isiyo na mkazo haififii: a mbili za kwanza na ile ya mwisho za wanataka hubaki a, zikisikika wazi kama ile ya tatu yenye mkazo. Hapo ndipo penye asili ya hisia ya rashasha. Hata hivyo silabi hazilingani, kwa kuwa ile ya pili kutoka mwisho hurefuka, hasa sentensi inapofika kikomo. Katika sentensi mama amekwenda sokoni, ko huvutwa kuliko silabi zote zilizotangulia, na msikilizaji hujua kwamba msemaji anatua. Maneno ya mkopo hayaachwi nje ya mwendo huo. Kabati, blanketi na baisikeli yametoka katika maneno ya Kiingereza yenye mkazo mwanzoni, lakini yalipoongezewa irabu ya mwisho mkazo ulihesabiwa upya kutoka nyuma: ka-BA-ti, bla-NKE-ti na ba-i-si-KE-li. Msemaji huyo huyo akihamia Kiingereza huondoka na mdundo wake, akizipa uhai wake wote irabu ambazo Mwingereza angezimeza.

Jambo la mwisho ni ushairi, ambao huweka mizani kwa kuhesabu silabi na kuupuuza mkazo kabisa. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi ya mwaka 1954, aliandika kanuni ambazo watunzi walikuwa tayari wakizifuata kwa sikio, na mshororo wa shairi la kawaida huwa na mizani kumi na sita, nane kwa nane. Nazali iliyosimama peke yake huhesabiwa kamili, kwa hiyo mtu mmoja ni mizani mitano. Neno mbuni lingekuwa mtihani mzuri kwa mwanafunzi: akiwa ni ndege, ni mizani miwili, mbu-ni, akiwa ni mtu anayebuni, ni mitatu, m-bu-ni. Mkazo katika yote mawili uko kwenye bu, na mtunzi asiyesikia tofauti yake atapungukiwa au atazidisha mizani moja bila kujua alipokosea.

Vina navyo, yaani silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande vya mshororo, huwekwa kwenye silabi ya mwisho, ambayo ndiyo dhaifu kuliko zote kwa mkazo. Ushairi wa Kiingereza huanzia urari wake kwenye irabu yenye mkazo. Wa Kiswahili huuacha mkazo upite kwanza, kisha hufunga mlango nyuma yake. Shairi linaposomwa kwa sauti ya mazungumzo, kina huweza kupita bila kusikika vizuri, lakini mghani huishika silabi ile ile na kuivuta kwa mahadhi, akiipa urefu ambao usemi wa kawaida umeinyima.