Mkia wa Mbwa: Mdahalo Nilioushinda kwa Makosa

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mhunze)



Barua ya Kamati ilinitaka nizungumze juu ya elimu na utumishi wa umma. Niliifikiria mada hiyo kwa muda wa wiki mbili, nikaona kwamba ninyi nyote mmekwisha kuisikia mara nyingi, na wengine wenu mliisikia mkiwa mmelala. Kwa hiyo niliiomba Kamati iniruhusu nizungumze juu ya mkia wa mbwa. Kamati ilishangaa, lakini ilikubali. Nanyi msicheke kwanza, maana jambo lenyewe lina deni ndani yake, na deni hilo ni langu.

Wale tuliokuwa kidato cha tatu mwaka 1997 mtakumbuka. Ulikuwa mwaka wa mvua za El Nino, na udongo mweusi wa mbuga zetu uligeuka tope lililomeza magari. Jumamosi moja usiku tulifanya mdahalo bwaloni. Hoja ilikuwa hii: "Mbwa wa kulinda akatwe mkia." Mimi nilikuwa mtoa hoja. Nilitoa sababu nne, nikapigiwa makofi, na kura zilipohesabiwa nilishinda vibaya sana. Mpinzani wangu yuko humu ukumbini, safu ya pili. Nimemwomba ruhusa, naye amekubali nimtaje bila jina.

Leo nitazirudia sababu zangu nne, moja baada ya nyingine, ili mwone jinsi kijana aliyesoma anavyoweza kusema uongo bila kujua kuwa ni uongo.

Sababu yangu ya kwanza ilikuwa ukali. Nilisema mbwa aliyekatwa mkia huwa mkali, nikatoa ushahidi wa nyumbani. Nilipokuwa na umri wa miaka minane hivi, mbwa wetu alizaa watoto watano. Babu aliwasha moto nyuma ya boma, akaweka panga katika makaa, akaniambia niwashike watoto wale mmoja mmoja juu ya gogo. Nilishika. Panga likashuka mara tano. Vidonda vikapakwa majivu. Babu akasema, "Hawa sasa watakuwa mbwa." Mmoja wao alikua akawa tishio la kijiji kizima. Tulimpa jina la Watasema, na kweli walisema, maana hakuna mgeni aliyepita uzio wetu wa minyaa bila kuita kwanza kwa mbali.

Hilo ndilo nililolieleza bwaloni. Lakini nilificha mambo mawili. La kwanza, mtoto mmoja kati ya wale watano kidonda chake kiliingia funza, akafa siku ya tisa, na mimi ndiye niliyemzika. La pili, Watasema alifungwa kamba fupi chini ya mti tangu asubuhi hadi jioni, akala mabaki, akapigwa mawe na sisi watoto. Mbwa anayelelewa hivyo atakuwa mkali hata akiwa na mikia miwili. Jirani yetu alikuwa na mbwa mwenye mkia mzima, naye alikuwa mkali vilevile, kwa sababu mwenyewe alimfundisha kulinda ng'ombe tangu mdogo. Wazee walikwisha kusema kuwa mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Ukali wa mbwa hutokana na uzao wake na malezi ya mwenye mbwa. Panga halimwongezi kitu.

Sababu yangu ya pili ilikuwa madhara. Nilisema mkia mrefu huchanwa na miiba, fisi huushika, na mwizi pia huweza kuushika. Hapa napenda kuwa mwadilifu, kwa sababu hoja hii ina chembe ya ukweli. Huko Uskoti, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya mbwa wa kuwinda wa aina ya spanieli, wale wasiokatwa mkia, walipata angalau jeraha moja la mkia katika msimu mmoja. Mbwa hao kazi yao ni kupita vichakani siku nzima huku wakitikisa mkia. Ndiyo maana mwaka 2017 Uskoti, iliyokuwa imepiga marufuku kabisa, iliruhusu tena daktari wa mifugo kuwafupisha mikia baadhi ya mbwa wa kuwinda wakiwa bado wadogo.

Lakini mbwa wa kawaida je? Utafiti mwingine wa Uingereza, wa mwaka 2010, uliangalia mbwa wapatao 138,000 waliopelekwa kwa madaktari wa mifugo. Majeraha ya mkia yaliyopatikana yalikuwa 281. Watafiti wakapiga hesabu kwamba ingebidi kukata mikia ya mbwa wapatao 500 ili kumwokoa mmoja asiumie mkia. Mbwa wetu wa Kishapu hulala mlangoni mwa zizi na hutembea nyuma ya ng'ombe. Tunamjeruhi kwa hakika leo, tukiogopa jeraha ambalo pengine asingelipata maisha yake yote.

Tena tujue tunachokata. Mkia ni mwendelezo wa uti wa mgongo. Una pingili, misuli na mishipa ya fahamu, kama kidole chako kilivyo. Kitoto cha mbwa kinapolia juu ya gogo, kinalia kwa maumivu.

Sababu yangu ya tatu, nayo ndiyo inayonitia aibu kubwa kuliko zote, ilihusu kichaa cha mbwa. Nilisema kuwa wazee wanajua: asili ya kichaa iko mkiani, na ukiukata umekata ugonjwa. Nililisema kwa sauti kubwa, na bwalo zima likaitikia.

Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kuwa Mrumi mmoja, Columella, aliyeandika vitabu vya kilimo yapata miaka 2,000 iliyopita, alieleza jambo hilo hilo. Aliandika kwamba mbwa akipita siku arobaini tangu kuzaliwa, mshipa wa mkia wake ung'atwe kwa meno, uvutwe na kukatwa, na kwamba wachungaji wengi walithibitisha kuwa hapo kichaa huzuiliwa. Basi wachungaji wa Kirumi na wachungaji wa nyumbani kwetu walikosea kwa namna moja. Wote walikuwa watu wenye akili. Waliona ugonjwa wa kutisha, hawakuwa na dawa, wakashika kile kilichokuwa karibu na kisu.

Lakini sisi tuna udhuru gani? Tunajua kuwa kichaa cha mbwa huletwa na virusi. Huingia kwa mate ya mnyama aliyeng'ata, husafiri katika mishipa ya fahamu hadi ubongoni, na dalili zikishaonekana mgonjwa haponi isipokuwa kwa nadra mno. Mkia haumo katika safari hiyo. Mwaka 2002 watafiti walikadiria kuwa katika Tanzania watu wapatao 1,500 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, na wengi ni watoto. Inajulikana pia kwamba ukichanja mbwa saba katika kila kumi, na ukarudia, ugonjwa hukosa njia ya kuendelea. Majirani zetu wa vijiji vinavyoizunguka Hifadhi ya Serengeti wamechanjiwa mbwa wao kwa miaka mingi, na pale chanjo ilipowafikia wengi, waliong'atwa na mbwa wenye kichaa walipungua.

Sababu yangu ya nne ilikuwa mila, pamoja na mfano wa Wazungu. Nilisema: ng'ombe tunampiga chapa, dume tunamhasi, mbwa ana nini cha ajabu? Kisha nikaonyesha picha ya mbwa wa Kijerumani, Doberman, niliyoikata katika gazeti kuukuu, masikio yamesimama na mkia hakuna. Sikujua wakati huo kuwa aliyeanzisha uzao huo, Bwana Dobermann wa mji wa Apolda, alikuwa mtoza kodi. Ningelijua, ningelisema kwamba hata watumishi wa Serikali wanaunga mkono hoja.

Ndugu zangu, ng'ombe tunampiga chapa ili mwizi asimdai. Mwaka 2017 nchi nzima ilihangaika na chapa hizo, nasi wa huku tunajua wizi wa mifugo ulivyokuwa hata Sungusungu wakazaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Dume huhasiwa ili avute plau kwa utulivu. Mtu anaweza kubishana juu ya njia inayotumika, na maumivu yapunguzwe inavyowezekana, lakini kazi inayofanyika inaonekana. Mkia wa mbwa ukikatwa, kazi iliyofanyika ni ipi? Na hao Wazungu wa gazeti langu wamekwisha kubadilika. Norwei ilipiga marufuku mwaka 1987, Ujerumani mwaka 1998 isipokuwa kwa mbwa wa kuwinda, na Uingereza ikatunga sheria yake mwaka 2006. Sisemi tuache kwa kuwa wao wameacha. Tunayo Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, nayo inakataza kumtesa mnyama bila sababu ya maana. Ni sheria iliyotungwa na Bunge letu, kwa ajili ya wanyama wetu.

Sasa nirudi kwa mpinzani wangu. Usiku ule alisimama akiwa na kigugumizi chake, akasema maneno machache tu. Alisema: "Ng'ombe haelemewi na nunduye, na mbwa haelemewi na mkia wake. Mkia ndio ulimi wa mbwa. Ukimkata, utajuaje anachotaka kukuambia?" Sisi tukapiga meza na kumzomea. Mmoja wetu akabweka. Akakaa chini kabla ya dakika zake kwisha.

Mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Victoria, huko Kanada, walichapisha jaribio lao. Walitengeneza mbwa wa bandia, wakamweka mahali mbwa wanapotembezwa, mara akiwa na mkia mrefu, mara mfupi. Mkia mrefu ulipotikiswa, mbwa wakubwa walimkaribia kwa urahisi. Uliposimama kimya, walisita. Ulipokuwa mfupi, utikisike usitikisike, hawakuonyesha tofauti, kwa maana hawakuweza kuusoma. Mpinzani wangu alilijua hilo mwaka 1997, bila maabara, kwa kuchunga ng'ombe na macho yake wazi.

Mimi nimelijua kwa njia mbaya zaidi. Miaka michache iliyopita mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka sita, aling'atwa na mbwa wetu pale nyumbani, mjukuu wa mjukuu wa Watasema, naye kakatwa mkia kama wazazi wake. Alimng'ata shavuni. Mtoto alituambia kuwa alimwona kasimama tu, akadhani anataka kucheza. Zahanati ya kwanza haikuwa na chanjo. Tulikodi pikipiki, kisha gari, tukauza mtamba mmoja. Namshukuru Mungu, mtoto alipata sindano kwa wakati, na yuko darasani leo akiwa na kovu lake.

Lakini kuna neno moja ambalo sitalisahau. Bwana mifugo alipokuja kumtazama yule mbwa, alimwuliza kaka yangu, "Huyu amechanjwa?" Kaka yangu akajibu, kwa moyo safi kabisa, "Hapana, lakini mkia tulimkata."

Nilikuwa nimesimama hapo, mwenye shahada ya Chuo Kikuu na miaka ishirini ya utumishi. Kaka yangu hakuishia shule kwa uvivu. Aliachishwa ili mimi nisome. Jibu lile nililifundisha mimi. Nilipokwenda likizo baada ya mdahalo ule, niliusimulia ushindi wangu nyumbani, sababu zote nne, naye akasikiliza kama mtu anayemsikiliza msomi. Tangu siku hiyo sikurudi tena kumwambia kuwa nilikosea. Nilikwisha kujua, ila niliona mkia wa mbwa ni jambo dogo.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa safu ya pili, mbele ya mashahidi hawa naurudisha ushindi ule. Ni wako tangu mwaka 1997.

Na ninyi wengine nina ombi. Mtakaporudi makwenu, mkikuta mbwa amezaa, zuieni panga. Fedha na nguvu mziweke katika chanjo. Siku ya tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mahali pengi chanjo hutolewa wakati huo, basi waulizeni mabwana mifugo wenu mapema. Mtu aking'atwa, kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa anaonekana mzima. Nanyi vijana, katika midahalo yenu mkimwona mwenzenu mwenye kigugumizi amesimama, mwacheni amalize dakika zake.