Mizani Iliyo Sawa: Kumtii na Kumtumaini Mungu katika Kazi za Kila Siku



Mada niliyopewa ni utii na tumaini. Nimeomba kuizungumzia tukiwa sokoni na dukani, maana huko ndiko wengi wetu tunakoshinda kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Kanisani ni rahisi kukiri kwamba tunamtumaini Mungu. Kukiri huko hupimwa pale mteja anapogeuka kuongea na mwenzake huku mkono wako uko kwenye mizani.

Ninachotaka kusema ni hiki: ukichimba chini ya uasi wetu mdogo mdogo wa kila siku, mara nyingi utakuta hofu. Tunamkemea mtu kwa kuiba robo kilo, naye anastahili kukemewa, lakini hatumuulizi alikuwa anaogopa nini.

Tufungue kitabu cha Kutoka, sura ya 16. Israeli wamefika jangwa la Sini, umetimia mwezi mmoja tangu watoke Misri, na chakula kimekwisha. Mungu anawapa mana, pamoja na masharti mawili. La kwanza ni la kipimo: kila mtu pishi moja, pasipo kubakiza hadi asubuhi. La pili ni la pumziko: siku ya sita waokote maradufu, na ya saba wakae. Wapo waliobakiza, na asubuhi chakula chao kikawa kimeoza na kujaa mabuu. Wapo pia waliotoka siku ya saba wakakuta ardhi tupu. Mimi sidhani wale waliobakiza walisukumwa na tamaa. Ni watu waliokulia utumwani; hawakuwahi kuwa na neno juu ya kesho yao. Waliamka na mana mkononi, lakini bado hawakuamini kwamba aliyewapa leo atakuwepo kesho. Yule aliyekusanya kidogo, Maandiko yanasema, hakupungukiwa.

Sasa tazameni Mambo ya Walawi 19, mstari wa 35 na 36. Mungu anaagiza mizani ya haki, mawe ya kupimia ya haki, na vipimo vya haki vya nafaka na vya vitu vya majimaji. Mara tu baada ya agizo hilo anajitambulisha kuwa ndiye aliyewatoa katika nchi ya Misri. Kwa nini habari ya Misri iingie kwenye mawe ya mizani? Naamini ni kwa sababu muuzaji anayepunja amesahau nani alimlisha jangwani. Anafanya hesabu zake kana kwamba familia yake itaishi kwa zile gramu alizomnyima mwenzake. Agizo la mizani limesimama juu ya historia ya kutunzwa. Mungu hadai utii mtupu. Anapoagiza, anatukumbusha amekwisha kutufanyia nini.

Karne nyingi baadaye, katika Amosi sura ya 8, wafanyabiashara wa Israeli wanangoja kwa hamu Sabato iishe wafungue ghala, wapunguze efa na kuongeza uzito wa shekeli. Kipimo na pumziko, yale yale mawili waliyofundishwa pamoja na mana, yameharibika kwa pamoja. Siku wanaitunza kwa mwili, lakini moyo uko kwenye ghala. Nawasihi tusipite hapa haraka, kwa kuwa ibada ya namna hiyo tunaijua.

Tuje kwetu. Mkulima wa viazi analetewa gunia lililoongezwa kipande juu, analijaza hadi linafura, kisha analipwa bei ya gunia moja. Hiyo ndiyo lumbesa. Kikomo cha kilo 100 kwa gunia kinafahamika na serikali imeipiga marufuku mara nyingi, lakini bado ipo, na baadhi ya wanunuzi ni Wakristo. Ukimuuliza mmoja wao, hatakwambia kwamba anapenda dhuluma. Atakwambia wenzake wote wananunua hivyo, akipima kihalali atauza kwa hasara, na nyumbani kuna ada ya shule, kodi ya fremu na marejesho ya mkopo wa VICOBA. Yote hayo ni kweli. Ni hofu yenye sababu, na kiongozi wa kiroho anayeidharau hatasikilizwa.

Sauli naye alikuwa na sababu. Kule Gilgali, 1 Samweli 13, Wafilisti wamejipanga Mikmashi, askari wake wanatoroka, siku saba alizoambiwa amngojee Samweli zimetimia, na Samweli haonekani. Akatoa sadaka mwenyewe. Alipomaliza tu, Samweli akafika. Jibu la Sauli ni hesabu ya hatari zilizomzunguka, na hakuna hata moja aliyoitunga. Kosa lake ni kwamba katika hesabu ile Mungu hakuhesabiwa.

Hapa lazima niseme jambo ambalo mahubiri mengi ya siku hizi yanalikwepa. Siahidi, na Biblia haiahidi, kwamba anayepima kwa haki atauza zaidi. Shadraka, Meshaki na Abednego walimwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa, na hata asipowaokoa hawataiabudu sanamu. Tumaini lao halikuwa na sharti. Kufundisha kwamba utii ni mbegu ya utajiri ni kumfanya Mungu mteja wetu, na siku duka likifungwa imani itafungwa pamoja nalo.

Uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na hadi kwetu upande wa Bukoba, ulijulikana kwa nyimbo na ushuhuda, na pia kwa watu waliorudisha mali walizoiba na kulipa madeni waliyoyaficha. Walifuata njia ya Zakayo, aliyetamka kurudisha mara nne. Lakini wale ndugu hawakutembea peke yao. Walikutana, wakaungama mmoja mbele ya mwenzake, wakabebana. Sisi tumeubakiza ushuhuda na kuliacha kando lile la kubebana, na hapo ndipo naona udhaifu wetu mkubwa. Tunamdai ndugu mmoja awe jasiri, kisha tunamwacha alipe gharama peke yake.

Kwa hiyo nina ombi kwa makundi ya majadiliano yatakayokutana mchana. Kila kundi litaje jambo moja la kazini ambapo utii una gharama ya fedha, liseme wazi ni hofu gani inayowashika watu hapo, na likadirie gharama hiyo kwa shilingi. Kisha baraza la wazee lipokee makadirio hayo na kuamua ni sehemu gani ya mfuko wa diakonia itatengwa kwa ajili ya ndugu atakayepata hasara kwa kukataa lumbesa, au atakayeachishwa kazi kwa kukataa kusaini hesabu za uongo. Katibu ana karatasi za makundi.