Ahadi ya "Nikifika Nitapiga": Simu ya Intaneti kwa Wanaokwenda Kazi Ghuba



Kila binti wa Pwani anayepanda ndege kwenda kufanya kazi Ghuba huacha ahadi moja: "Nikifika nitapiga." Ahadi hutolewa uwanjani, mkoba ukiwa begani, na mama huipokea kwa machozi bila kuuliza atapigiwa kwa njia gani. Siku mbili zinapita, WhatsApp ya mama kimya. Jirani mmoja anasema pengine tajiri amemnyang'anya simu. Mwingine anakumbuka habari mbaya aliyoisikia redioni. Kumbe binti yuko salama Dubai. Amepiga mara kumi, simu haiunganishwi, naye huko aliko anadhani nyumbani hawataki kupokea.

Simu hiyo haijaharibika. Katika Muungano wa Falme za Kiarabu, simu za sauti na za video za WhatsApp zimefungwa kwa kanuni za mawasiliano za nchi hiyo. Maandishi yanapita, picha zinapita, hata ujumbe wa sauti uliorekodiwa unapita. Kinachokwama ni simu ya moja kwa moja. Binti angerekodi maneno matatu tu, "Mama, nimefika salama," nyumba nzima ingelala usingizi. Hakuna aliyemwambia.

Nchi za Ghuba hazifanani katika jambo hili. Saudia iliondoa marufuku ya simu za intaneti Septemba 2017 kwa programu zinazotimiza masharti yake. Falme za Kiarabu zina programu zao zilizoidhinishwa, mojawapo ikiwa BOTIM, na kwa kawaida mtumiaji hununua kifurushi maalumu cha simu za intaneti kutoka kampuni ya simu ya huko. Orodha ya zilizoidhinishwa hubadilika, kwa hiyo msafiri huuliza akifika dukani kununua laini. Jambo moja husahaulika sana: programu hiyo lazima iwe kwenye simu zote mbili. Binti akiwa nayo Dubai na mama hana Likoni, hakuna simu. Heri mama awekewe kabla ya siku ya safari, angali na mtu wa kumwonyesha pa kubonyeza.

Wako watakaomshauri binti atumie VPN, yaani programu ya kuficha simu iko wapi kwenye intaneti. Ushauri huo hutolewa kirahisi na watu ambao hawatalipa faini. Sheria ya Falme za Kiarabu inamtoza anayeficha anwani yake ya mtandao ili kutenda kosa au kuzuia lisigunduliwe dirhamu 500,000 hadi 2,000,000, na kifungo kinaweza kufuata. Mfanyakazi wa nyumbani hana sababu ya kuingia katika mjadala huo na polisi.

Bei nayo ina maelezo yake. Simu ya kawaida kutoka ng'ambo hupitia kampuni ya huko na ya hapa, na kila moja hudai chake kwa kila dakika. Laini ya Kenya ikiachwa wazi Ghuba, hata kupokea simu hulipiwa, na simu janja huendelea kupakua picha na kujisasisha kimyakimya huku salio likiisha. Aliyezoea kwenda Kampala au Kigali anaweza kudanganyika hapa, maana Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilikubaliana kupunguza gharama hizo. Ghuba haimo katika makubaliano hayo.

Simu ya intaneti hukata sauti vipande vidogo na kuvipitisha njia ileile ya picha na barua pepe. Mombasa ina sehemu yake katika njia hiyo. Mwaka 2009 kebo ya TEAMS ilifika hapa kutoka Fujairah, katika hizohizo Falme za Kiarabu, kilomita zipatazo 5,000 chini ya bahari. Sauti ikishaingia kwenye Wi-Fi iliyokwisha lipiwa, dakika haina bei ya peke yake. Anayetumia data ya simu, mazungumzo ya sauti hula chini ya megabaiti moja kwa dakika. Video hula mara nyingi zaidi ya hapo, na mjukuu anayetaka kuonyeshwa jiji zima kupitia kamera anaweza kumaliza bando la wiki kwa jioni moja.

Njia ya salama ni hii. Kabla ndege haijaondoka, msafiri huwasha alama ya ndege kwenye simu, ambayo hufunga laini yote. Akitua, huiacha ilivyo na kuwasha Wi-Fi peke yake. Viwanja vikubwa kama Dubai na Doha vina Wi-Fi ya bure, na ujumbe wa kwanza utoke hapo hapo, kabla ya kukutana na wakala. Nambari za nyumbani ziwe zimehifadhiwa kwa +254 badala ya sifuri ya mbele, la sivyo simu ya ugenini haitajua inaelekea nchi gani. Nambari moja ya nyumbani ikaririwe kichwani na nyingine iandikwe kwenye karatasi, kwa sababu betri huisha na simu huweza kuchukuliwa.

Hilo la simu kuchukuliwa lisipuuzwe. Kabla ya kutia sahihi mkataba, familia iulize kama mfanyakazi ataruhusiwa kukaa na simu yake, kama atapewa Wi-Fi ya nyumba, na saa ngapi ataweza kupiga. Wakala anayekasirishwa na maswali hayo ameshajibu. Saa nazo zipangwe vizuri: Saudia na Qatar ziko saa moja na Kenya, lakini Falme za Kiarabu na Omani zimetangulia kwa saa moja. Saa nne usiku Dubai ni saa tatu Mombasa. Siku iliyopangwa ikipita bila hata ujumbe wa sauti, familia ijue tangu mapema nani atawasiliana na wakala na nani atautafuta ubalozi wa Kenya katika nchi hiyo.

Programu hizi si za kuitia polisi. Kwa dharura hupigwa simu ya kawaida: 999 katika Falme za Kiarabu na Qatar, 9999 Omani.

Matapeli nao wanajua kwamba mama amekaa anasubiri simu. Hupiga kwa nambari ngeni wakisema binti amekamatwa uwanja wa ndege na pesa zitumwe sasa hivi. Familia ichague neno moja la siri ambalo binti pekee angelitaja, na asiyelijua asitumiwe hata shilingi. Nambari sita za kufungulia WhatsApp hazisomewi mtu yeyote. Laini ya Kenya iendelee kuwekewa salio kidogo, kwani isiyotumika kwa miezi mingi hufungwa na nambari kupewa mtu mwingine, na M-Pesa imeshikamana na nambari hiyo.

Wiki moja kabla ya safari, jaribio lifanyike nyumbani. Binti awashe alama ya ndege, ajiunge na Wi-Fi ya jirani au ya saiba, kisha ampigie mama aliye chumba cha pili kwa programu watakayotumia. Mama apokee mwenyewe, bila kusaidiwa. Akishindwa, bado wiki nzima ipo ya kumfundisha.