Hotuba ya Katibu juu ya Kuitambua Mimea Migeni



Katika sherehe hii ya miaka 10 ya Chama Kikuu chetu, wenzetu wamekwisha kusema habari za mavuno, mikopo na maghala. Sisi wa ofisi ya Katibu twaomba ruhusa kusema juu ya jambo lisiloandikwa katika vitabu vya hesabu, nalo ni miche migeni inayoota kando ya njia, machungani na katika mapori yanayopakana na mashamba yetu.

Mfano mkubwa ni gugu karoti, ambalo wataalamu huliita Parthenium hysterophorus. Asili yake ni Amerika, na katika Tanzania lilitambuliwa mkoani Arusha mwaka 2010. Mmea mmoja waweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000, nao huweza kuchanua wiki 4 hadi 6 tu baada ya kuota. Huwasha ngozi, huwaletea wengine shida ya kupumua, na ng'ombe akilila, maziwa huwa machungu. Mbegu zake husafiri katika maji, katika matope ya magurudumu, katika majani ya malisho na katika magunia ya nafaka. Yaani hata lori na gunia la ushirika vyaweza kulibeba kutoka chama kimoja hadi kingine. Hilo ndilo lililotusimamisha mbele yenu leo.

Gugu hili hushindwa kwa urahisi lingali changa, lakini wakati huo ndipo linapofanana na mimea mingine. Majani yake ya kwanza hulala chini yakienea duara kama sahani, yamekatikakatika kama ya karoti, yana kijani kilichofifia na vinyweleo laini. Kisha hutoka shina lenye mifereji, na majani hupanda moja moja kwa zamu. Kishona nguo, ambacho wengi huchuma majani yake machanga kuwa mboga, majani yake hutoka mawili mawili yakielekeana. Asiyetazama vema atang'oa mboga na kumwacha adui.

Kwa hiyo twawaomba: picha kwanza, jembe baadaye. Simu yenye kamera imo siku hizi katika nyumba nyingi. Lakini picha moja ya jani haitoshi. Ya kwanza ionyeshe mmea mzima na mahali ulipoota. Ya pili, jani kwa karibu, juu na chini. Ya tatu, shina pale linapoungana na jani. Ya nne, ua, kama lipo. Wekeni kalamu kando ili ukubwa ujulikane, na karatasi nyeupe nyuma iwapo majani yamesongamana. Jua la adhuhuri huficha vinyweleo. Asubuhi ni bora. Andikeni tarehe na mahali. Mche usiotambulikana uwekewe kijiti, upigwe picha tena baada ya wiki moja.

Picha zipelekwe kwa Afisa Ugani. Likithibitika kuwa gugu karoti, ling'olewe na mzizi wake kabla ya kuchanua, mikono ikiwa imevikwa glavu, wala lisitupwe njiani wala kupewa mifugo.

Mabwana na Mabibi, mmoja akisafisha shamba lake na jirani akaliacha la kwake, kazi ya wote wawili ni bure. Samaki mkunje angali mbichi. Tuliuza mazao pamoja kwa miaka 10. Tuilinde ardhi pamoja vilevile.