Lugha ya Uchumi Jumla: Mwanafunzi wa Ngara na Biharamulo Mbele ya Istilahi za Chuoni

1. Utangulizi



Kila mwezi wa Juni Waziri wa Fedha wa Tanzania husimama bungeni na kusoma hotuba ya bajeti. Huisoma kwa Kiswahili. Katika hotuba hiyo hutajwa pato la taifa, mfumuko wa bei, nakisi ya bajeti, urari wa malipo na deni la taifa, na maneno hayo husikika redioni hadi katika vijiji vya Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Kijana wa wilaya hizo anapojiunga na chuo na kuanza somo la misingi ya uchumi jumla, hufundishwa dhana zilezile kwa Kiingereza, kana kwamba hajapata kuzisikia. Mengi aliyokwisha kuyajua huachwa nje ya mlango wa darasa.

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba dhana za msingi za uchumi jumla zina majina ya Kiswahili yaliyo hai, na kwamba uchambuzi wa majina hayo, ubora wake na upungufu wake, ni sehemu ya kujifunza uchumi wenyewe. Istilahi isiyochambuliwa humpotosha mwanafunzi, iwe ya Kiingereza au ya Kiswahili.

Ngara na Biharamulo zimechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni wilaya za lugha nyingi. Mtoto wa Ngara huanza na Kihangaza au Kishubi, lugha zilizo jirani sana na Kirundi na Kinyarwanda. Wa Biharamulo huanza na Kisubi, Kizinza au Kisukuma. Kiswahili hukutana nacho kikamilifu katika shule ya msingi, na Kiingereza humpokea sekondari. Kwa hiyo afikapo chuoni amekwisha kuvuka lugha mbili. Pili, mambo ambayo vitabu vya uchumi huyaeleza kwa michoro yamewahi kutokea katika wilaya hizo mbele ya macho ya watu.

2. Uchumi na pato

Neno uchumi limetokana na kitenzi kuchuma. Mkulima wa Ngara huchuma buni shambani, na mfanyabiashara huchuma faida sokoni. Maana zote mbili zimo katika nomino hiyo, lakini zote ni za mtu au kaya. Uchumi jumla huanza pale swali linapopanuliwa: si mtu huyu amechuma nini, bali nchi nzima imezalisha nini, bei kwa ujumla zimekwendaje, na ajira imeongezeka au imepungua. Fani hii ilipata sura yake ya sasa katika miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi wa dunia. Kitabu cha John Maynard Keynes cha mwaka 1936 kilionyesha kwamba linalomfaa mtu mmoja huenda lisiifae nchi: kaya moja ikibana matumizi hupata akiba, lakini kaya zote zikibana kwa wakati mmoja, wauzaji hukosa wanunuzi na vibarua hukosa kazi. Neno jumla, basi, si pambo katika jina la somo hili. Ndilo linalobeba mabadiliko ya fikra.

Pato nalo lina mtego wake. Katika Kiswahili cha kila siku, pato ni kile mtu anachopata, na mara nyingi ni fedha. Mkulima anayekata mkungu wa ndizi nyuma ya nyumba na kuupika hasemi kwamba amepata pato. Hata hivyo, mtakwimu huikadiria thamani ya ndizi hizo na kuiingiza katika hesabu za taifa. Suala la mazao yaliwayo nyumbani si geni nchini. Alan Peacock na Douglas Dosser walilazimika kulikabili walipokadiria pato la Tanganyika la miaka ya 1952 hadi 1954, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1958. Mwanafunzi aliyekulia katika migomba ana haki ya kuambiwa waziwazi kwamba neno pato, likiingia katika uchumi jumla, hupanuka na kufika hadi jikoni kwao.

Upungufu mkubwa zaidi umo katika neno la pili, taifa. Nchini Tanzania, pato la taifa hutumika sana kumaanisha thamani ya vyote vilivyozalishwa ndani ya mipaka ya nchi, hata mzalishaji akiwa mgeni. Mgodi wa dhahabu wa Tulawaka, wilayani Biharamulo, unaifafanua tofauti hiyo. Mgodi huo ulianza uzalishaji mwaka 2005 chini ya kampuni ya kigeni ya Barrick. Mwaka 2013 ulihamishiwa kwa Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, na kuendeshwa na kampuni yake tanzu ya STAMIGOLD. Thamani iliyoongezwa na uchimbaji ilihesabiwa katika uzalishaji wa ndani wa Tanzania katika vipindi vyote viwili. Faida ya mwenye mali wa nje, kwa upande mwingine, hutolewa pale inapotafutwa hesabu ya mapato ya wananchi na taasisi zao. Dhana ni mbili, na lugha ya hadhara huziita kwa jina moja. Ingefaa ya kwanza iitwe daima pato la ndani, na pato la taifa libaki kuwa jina la ya pili. Mkazi wa Biharamulo anapouliza kwa nini pato la taifa limekua ilhali kijiji chake hakijabadilika, sehemu ya jibu imo katika jina hilo.

3. Bei, mfumuko na kapu

Kufumuka ni tendo la ghafla. Mshono hufumuka, nyuki hufumuka kutoka mzingani. Kwa hiyo msikilizaji wa neno mfumuko wa bei huona picha ya bei iliyoruka mara moja. Katika uchumi jumla, hata hivyo, linalopimwa ni kasi ya kupanda kwa kiwango cha jumla cha bei katika kipindi fulani. Picha ya ghafla huzaa kosa linalojulikana sana: taarifa ikisema mfumuko wa bei umeshuka, watu huenda sokoni wakitarajia bei za chini, na wasipozikuta huhisi wamedanganywa.

Chukua kapu la bidhaa lililogharimu shilingi 100,000 mwaka wa kwanza, 120,000 mwaka wa pili na 132,000 mwaka wa tatu. Mfumuko umeshuka kutoka asilimia 20 hadi 10, na bado hakuna mwaka ambao bei ilipungua. Mfano huo mfupi, ukielezwa kwa Kiswahili, huondoa utata wote. Neno kapu lenyewe, ambalo watakwimu hulitumia kwa bidhaa na huduma zinazofuatiliwa bei zake, ni mfano wa istilahi iliyofanikiwa, kwa maana kila mtu amewahi kubeba kapu na anajua kwamba haliwezi kupimwa kwa kutazama nyanya peke yake.

Hapa ndipo historia ya Ngara inapokuwa darasa. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa makadirio ya UNHCR, watu wapatao 250,000 waliokimbia mauaji ya Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa siku chache, na kabla mwaka haujaisha wakimbizi wilayani humo walikuwa wengi kuliko wenyeji. Wengi wao walirudishwa Rwanda mwezi Desemba 1996.

Watafiti Jennifer Alix-Garcia na David Saah, katika makala yao kuhusu eneo hilo, walionyesha kwamba bei za vyakula visivyokuwamo katika misaada zilipanda sana, na za vyakula vya misaada zilipanda kwa kiasi kidogo. Kaya za vijijini zilizokuwa karibu na kambi zilipata nafuu kimali. Za mijini ziliumia. Jean-François Maystadt na Philip Verwimp waliongeza kwamba wakulima waliokuwa na mashamba yao walinufaika, ilhali vibarua wa kilimo, waliolazimika kushindania kazi na wakimbizi, ndio waliopoteza zaidi.

Mambo matatu yanafundishwa na kisa hicho. La kwanza ni maana ya mahitaji. Katika lugha ya kawaida mkimbizi asiye na kitu ana mahitaji makubwa kuliko mtu yeyote, lakini mchumi huhesabu yale tu yanayoambatana na uwezo wa kununua. Mkimbizi aliyeuza sehemu ya mgao wake wa mahindi ili anunue ndizi aligeuza uhitaji wake kuwa mahitaji ya soko. La pili ni ugavi. Neno hilo limetokana na kugawa, nalo humkumbusha mwenyeji wa Ngara malori ya misaada, ilhali katika uchumi humaanisha kile ambacho wauzaji wako tayari kukiuza kwa bei fulani. La tatu ni mpaka kati ya bei za mahali na mfumuko wa bei wa nchi. Katikati ya miaka ya 1990 mfumuko wa bei Tanzania ulizidi asilimia 25, na sababu zake za msingi zilikuwa za kitaifa. Kambi za Ngara zilibadilisha bei za Ngara. Mwanafunzi anayejua kutenganisha mambo hayo mawili amekwisha kuingia katika uchumi jumla.

4. Fedha, thamani na nguvu ya sarufi

Si kila mahali Kiswahili kinayumba. Katika mipaka ya Rusumo na Kabanga, shilingi hukutana na faranga ya Rwanda na ya Burundi, na mchuuzi asiyejua kiwango cha kubadilisha fedha hurudi nyumbani na hasara. Somo la thamani ya fedha hapo ni la kila siku, na sarufi ya Kiswahili inalisaidia. Thamani ya shilingi hushuka, kwa nguvu za soko. Au hushushwa, kwa uamuzi wa mamlaka. Mwaka 1986 serikali ilishusha thamani ya shilingi kutoka takriban 17 hadi 40 kwa dola moja ya Marekani. Tangu mageuzi ya miaka ya mwanzo ya 1990, shilingi hupanda na kushuka sokoni. Tofauti ambayo mwanafunzi hukariri kwa Kiingereza kama maneno mawili yasiyo na undugu wa wazi, Kiswahili huibeba ndani ya mzizi mmoja kwa kiambishi cha usababishi. Atakayeulizwa ni nani aliyeshusha atajua papo hapo kwamba anaulizwa kuhusu sera.

Kinyume chake ni neno fedha. Wizara ya Fedha husimamia kodi, matumizi na mikopo ya serikali. Sera ya fedha, hata hivyo, si kazi ya Wizara ya Fedha. Ni ya Benki Kuu, ambayo Sheria ya mwaka 2006 imeipa lengo la msingi la kudumisha utulivu wa bei. Kwa miaka mingi Benki Kuu iliongoza sera hiyo kwa kulenga ujazi wa fedha. Mwezi Januari 2024 ilianza kutumia riba ya Benki Kuu, iliyoanzia asilimia 5.5. Mwanafunzi anayefuata sauti ya maneno ataihusisha sera ya fedha na Wizara ya Fedha, naye atakuwa amekosea kwa sababu lugha imemwelekeza huko. Dawa ni kuiita sera ya wizara sera ya bajeti, bila kuyumba, vitabuni na magazetini.

5. Hoja za upinzani

Wapo wasemao kwamba vitabu vya uchumi vimeandikwa kwa Kiingereza na kwamba kazi za mchumi huvuka mipaka. Hoja hiyo ina uzito. Lakini haithibitishi kwamba njia ya kuufikia uchumi wa Kiingereza ni kunyamazisha Kiswahili. Anayekielewa kitu huweza kukitafsiri; aliyekikariri hubaki na sauti yake tu. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia sekondari, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliruhusu lugha zote mbili. Kati ya ruhusa na matumizi kuna kazi ya istilahi, nayo haifanywi na sera.

Wengine husema kwamba Kiswahili nacho si lugha ya kwanza ya kijana wa Ngara. Ni kweli. Ndiyo sababu haitoshi kumpa orodha ya maneno. Anahitaji fasili, mfano na mpaka wa kila dhana, na nafasi ya kujadiliana na wenzake katika semina kwa lugha ambayo wote wanaimudu.

6. Hitimisho

Kazi inayopendekezwa haihitaji taasisi mpya. BAKITA, iliyoanzishwa mwaka 1967, TATAKI, Benki Kuu na Ofisi ya Taifa ya Takwimu zina wataalamu wote wanaohitajika kutunga kamusi fafanuzi ya uchumi jumla: pato la ndani litenganishwe na pato la taifa, sera ya fedha na sera ya bajeti, kasi ya bei na kiwango cha bei, uhitaji na mahitaji ya soko. Walimu wa vyuo nao wanaweza kuanza kabla ya kamusi hiyo, kwa kumwuliza mwanafunzi maswali mawili kila istilahi inapotajwa: jina hili linasema nini kwa Kiswahili, na dhana yenyewe inasema nini?

Kijana wa Ngara au Biharamulo anayemaliza chuo hurudi kuwa mwalimu, ofisa mipango, diwani au mhasibu wa chama cha ushirika. Wanakijiji watamwuliza maana ya hotuba ya bajeti, nao watamwuliza kwa Kiswahili. Elimu yake ya uchumi jumla itapimwa kwa jibu atakalowapa.