Hela Yako Inayokatwa Kabla Hujaishika

(Haya niliyasema Jumamosi kwenye kikao cha vijana wa kata yetu. Wengi mliomba maandishi, haya hapa. Nimepunguza utani kidogo.)



Nianze na swali dogo. Nani hapa ameajiriwa? Nyoosheni mikono tuone. Haya, sasa shusha mkono kama hujui mwezi uliopita ulikatwa kodi shilingi ngapi. Mmeona? Imebaki mikono miwili, na mmoja ni wa mhasibu.

Babu zetu walijua wanalipa kodi. Kodi ya kichwa ilikuwa na risiti, na usipokuwa nayo mgambo alikufuata mpaka shambani. Hata kodi ya maendeleo, mpaka ilipofutwa mwaka 2003, watu walitembea na risiti mfukoni kama kitambulisho. Ilikuwa kero kubwa, lakini ilionekana, na kero unayoiona unaweza kuihoji.

PAYE haina mgambo wa kukukimbiza. Mgambo wake ni mwajiri wako. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inamtaka akate kabla hajakulipa, kisha apeleke TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Wewe unapata meseji ya benki tu, unashukuru Mungu, unakimbia kulipa deni la mangi.

Sasa niwape yaliyonikuta mimi. Ajira yangu ya kwanza ilikuwa ghalani, hapa hapa Dar. Mshahara 400,000. Kila mwezi nakatwa NSSF 40,000, na kodi 32,000. Nikauliza, nikajibiwa, "Kodi ni asilimia nane, piga mwenyewe." Nikapiga, kweli nane ya laki nne ni 32,000. Nikanyamaza. Nimenyamaza miezi minane, jamani, na cheti cha chuo ninacho.

Siku moja nikakaa na jedwali la TRA. Kumbe hesabu haiendi hivyo. Kwanza unatoa mchango wako wa hifadhi ya jamii, hapo nabaki na 360,000. Halafu 270,000 ya kwanza haitozwi kodi hata senti. Asilimia nane inapigwa kwenye kilichozidi hapo tu, yaani 90,000. Kodi yangu halali ilikuwa 7,200. Nilikuwa nakatwa 24,800 ya ziada kila mwezi.

Lakini mimi si kitu. Pale kulikuwa na mama mmoja wa usafi, mshahara wake 280,000. Ukitoa NSSF 28,000 anabaki na 252,000. Hafiki hata kwenye 270,000. Kodi yake kisheria ni sifuri. Sifuri! Na alikuwa anakatwa 22,400 kila mwezi. Kwa mwaka ni 268,800, karibu mshahara wake wa mwezi mzima. Nilipomwonyesha akaniambia, "Mwanangu, si ndo kodi ya serikali hiyo? Nani atabishana na serikali?" Na huyo mama alikuwa na mkopo wa kausha damu.

Tukaandika barua, wafanyakazi sita. Ilichukua muda, ila mwisho tulirudishiwa. Yule mama hakurudishiwa, maana mkataba wake uliisha wiki mbili kabla na hawakumwongeza. Na zile hela zilizozidi, kama zilifika serikalini au ziliishia njiani, mpaka leo sijaambiwa.

Mtasema hilo ni kosa la mwajiri, serikali inahusikaje? Twendeni taratibu.

Huo mstari wa 270,000 uliwekwa mwaka 2020, kutoka 170,000. Mwaka uliofuata kiwango cha chini cha kodi kikashushwa kutoka asilimia 9 hadi 8. Ni hatua nzuri, na sisi si watu wa kukataa kila kitu. Shida ni kwamba baada ya hapo mstari ukagandishwa.

Mtazameni mtumishi wa umma wa kima cha chini. Mwaka 2021 alikuwa analipwa 300,000. Ukitoa asilimia tano ya PSSSF, kodi yake ilikuwa 1,200 kwa mwezi. Julai 2022 mshahara ukaenda 370,000, kodi ikawa 6,520. Julai 2025 ukaenda 500,000, watu wakashangilia Mei Mosi, vigelegele, ngoma. Kodi ikawa 16,400. Na mstari uko pale pale, 270,000.

Piga hesabu mwenyewe. Mshahara umepanda kwa theluthi mbili. Kodi imepanda zaidi ya mara 13. Na hakuna mbunge aliyesimama kusema "napandisha kodi ya wafanyakazi wa chini". Hakuna aliyehitaji kusema. Ukiacha mstari ulale wakati mishahara na bei za vitu vinapanda, kodi inajipandisha yenyewe, kimya kimya.

Kuna mtu ataniambia, "Kamanda, kodi ndiyo barabara, ndiyo dawa hospitali." Sibishi. Tukishika nchi na sisi tutakusanya kodi. Lakini mfanyabiashara mkubwa anatozwa kwenye faida, baada ya kutoa pango, mafuta na mishahara. Mfanyakazi anatozwa kabla hajapanda daladala. Nauli yake, chumba chake, sare ya mtoto, hakuna anayevitoa kwenye hesabu. Basi angalau ule mstari wa kutotozwa kodi ufanane na maisha.

Kwa hiyo hoja yetu vijana iwe moja, tuiseme kila mahali mpaka ichoshe: mstari wa kutotozwa kodi usiwe chini ya kima cha chini cha mshahara. Kima kikipanda, mstari upande siku hiyo hiyo, na iandikwe kwenye sheria, isiwe zawadi ya jukwaani. Bunge la bajeti likikaa Dodoma, kila mbunge aulizwe hilo na wapiga kura wake, wa chama chochote.

Na wakati tunadai, kuna kazi ya nyumbani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa haki ya kupewa maelezo ya mshahara wako kwa maandishi. Hiyo slipu si hisani. Iombe. Toa mchango wa hifadhi, toa 270,000, piga nane kwenye kilichobaki kama hakizidi 250,000. Kikizidi hapo viwango vinapanda, kaa na jedwali. Kama umesoma kwa mkopo, ile asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo ni deni, si kodi. Usichanganye, na usikubali mtu akuchanganyie.

Ukikuta hesabu haikai, usiende peke yako kwa bosi. Nenda na wenzako, na barua, na nakala ubaki nayo.

Halafu mtafute mmoja ambaye hawezi kupiga hizo hesabu. Mlinzi, dada wa jikoni, mama wa usafi. Kaa naye dakika kumi na slipu yake. Mimi nilichelewa miezi minane, na kuna mtu alilipia kuchelewa kwangu.

Wiki ijayo tunakutana hapa hapa, saa kumi. Kila mwajiriwa aje na slipu yake. Asiyepewa slipu na aje pia, tutaanza na yeye.