Video Isitangulie Kazi ya Klabu

Ndugu Viongozi wa Vikundi vya Kata ya Kibuta,

Mwaka 1973, wakati Tanzania Bara haina televisheni, Radio Tanzania Dar es Salaam ilitangaza kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kwa muda wa majuma 12, wakasikiliza, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakashika majembe kuchimba vyoo na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba zao. Mara nyingi habari hiyo husimuliwa kwa kuisifu redio. Hiyo ni nusu ya kweli. Kabla ya kipindi cha kwanza kutangazwa, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamekwisha kupewa mafunzo. Redio iliwakuta watu wamejipanga.

Jambo hilo linafaa kukumbukwa leo, ambapo kila kikundi cha ngoma, klabu ya mpira au kikundi cha kupanda miti kinataka kujitangaza kwa video katika mtandao wa intaneti. Nia hiyo ni njema. Simu moja ya mkononi hufanya kazi ambayo zamani ilihitaji gari la sinema, fundi na jenereta. Lakini wako viongozi wanaodhani kwamba video yenyewe ndiyo itakayoleta wanachama. Hutoa mfano wa Yanga na Simba. Mfano huo haufai. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936. YouTube ilianza mwaka 2005. Watu hutazama video za klabu hizo kwa sababu walikwisha kuzipenda tangu zamani.

Klabu ya Kibuta isiyotafuta faida haina haja ya watazamaji milioni moja. Inawahitaji watu wachache wenye sababu ya kujali: mzazi anayetaka kujua mwanawe huenda wapi jioni, ofisa utamaduni wa wilaya, na hasa mwenyeji aliyehamia Dar es Salaam, ambaye angechangia ngozi ya ngoma au jozi ya nyavu kama angejua zinahitajika. Mtu huyo hana muda wa kutazama nusu saa ya hotuba za wageni rasmi. Aonyeshwe mazoezi kwa dakika mbili, aambiwe kikundi hukutana wapi na siku gani, na anayepokea michango ni nani. Akichanga, video inayofuata imwonyeshe kilichonunuliwa, na bei yake itajwe. Klabu iliyopokea fedha ikanyamaza imejitangaza vibaya kuliko klabu isiyokuwa na video kabisa.

Yako mambo madogo ya ufundi ambayo hupuuzwa. Simu ikiwekwa karibu mno na ngoma, sauti hupasuka na maneno ya wimbo hayasikiki. Jua liwe nyuma ya mpiga picha. Na kwa kuwa bando ni ghali, video iwe fupi, ili iweze kupitishwa pia kwa memori kadi kutoka simu hadi simu.

Lakini jambo zito zaidi ni lile la heshima. Wazaramo wanaujua mdundiko: ni ngoma inayotembea, ikipita milangoni na kuzoa watu njiani, nayo imefungamana na sherehe za mwali. Anayeufuata mdundiko hujulikana. Ni jirani, shangazi, mtoto wa fulani. Video nayo hupita milangoni, ila wanaoifuata hawajulikani. Picha ya binti iliyopigwa kwa furaha ya siku moja hunakiliwa na kupelekwa kusikorudi, ikawekewa maneno ya kejeli na watu wasiomjua yeye wala wazazi wake. Klabu ikiifuta, nakala zimebaki. Kwa hiyo shughuli za mwali zisipigwe picha kwa ajili ya mtandao, hata kama ndizo zinazovuta watazamaji, na kwa hakika ndizo zinazowavuta. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, lakini mila za Kibuta zilikwisha kulisema jambo hilo kabla ya Bunge.

Kuhusu taratibu nyingine, klabu ya michezo iwe imeandikishwa kwa mujibu wa sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, na kikundi cha sanaa kifuate taratibu za BASATA. Kabla ya kufungua ukurasa wa kutangaza habari au burudani mara kwa mara, viongozi waulize Mamlaka ya Mawasiliano kama kazi hiyo yahitaji leseni.

Hatimaye, kila video ionyeshwe kwanza hapa hapa Kibuta, mbele ya wanachama na wazee, kabla haijapelekwa mtandaoni. Anayejiona humo asiporidhika, sehemu hiyo ikatwe bila mjadala mrefu. Na kijana atakayeuliza siku hiyo jinsi ya kujiunga, aandikwe jina palepale.